Picha ya Tisa

Kamera si yangu. Ni ya Msellem,
ya harusi za watu; ameniachia wiki moja
na onyo la kidole.
Miguu mitatu ya kuisimamisha sina.
Nimeiketisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi,
mbuzi juu ya meza, meno yake nimeyafunga leso kuukuu,
na chini ya lenzi daftari la madeni ya duka
liiinue pua.

Bondeni, ghorofa ya tatu. Nazima taa.
Naziba dirisha kwa shuka, maana ng'ambo ya barabara
muuza viazi karai ana balbu isiyolala.
Feni nayo nimeizima, yatikisa meza.
Jasho lanifika kisigino.
Kumbe hata giza lataka kupikwa.

Picha ya kwanza: ukungu mtupu.
Ya pili: kidole changu, kinene kama mkono wa tambi.
Ya tatu naandika jina hewani kwa tochi, RUKIYA,
nikisahau kwamba kamera i upande wa pili wa maneno.
Likatoka kinyumenyume,
kama bango la kinyozi ndani ya kioo chake.
Ya nne tochi nimeivika karatasi ya peremende.
Nachora paka.
Anatoka kiazi chenye masharubu.

Nabhan, mtoto wa dada, naye ataka.
Simama, namwambia, usipumue.
Huyu ana siafu miguuni tangu azaliwe.
Namhesabia thelathini, namzungushia mwanga
toka unyayo hadi utosi.
Kwenye picha, viatu viwili vimetulia, hata kamba zaonekana,
na juu yake moshi wa mtoto.
"Mimi mwenyewe niko wapi?"
Acheka mpaka aketi chini.

Sikucheka sana.
Nilikuwa nafikiri: hapa anayetulia ndiye aliyepo.
Apitaye, hata akipita mara mia,
hupita.

Ya tisa iliharibika.
Nimefungua lenzi, nimefika nne,
mama akaingia na chetezo
kutoka ujiani, ambako balbu iliungua tangu Ramadhani
na hakuna aliyeibadilisha.
"Mwafanyani gizani kama popo?"
Hakungoja jibu. Udi haungoji.
Akafukiza mapazia, akafukiza makochi,
akanikata mbele ya lenzi,
nami nimeuma ulimi: kumi na tisa, ishirini,
mkufu wake ukilia, ndala zikiburura,
kisha kimya, kisha ndala tena.
Thelathini. Kacha.

Katika kioo kidogo cha kamera
mama hayupo.
Si deraa lake, si mkono, si kile kikohozi.
Uko uzi mwekundu, mwembamba,
waingia mlangoni usawa wa kiuno,
wapanda mapazia, washuka makochi,
wakimbia kama mtu aliyeacha mchuzi motoni,
na mbele ya chumba cha Athman
uzi umesimama.
Umepiga fundo.
Doa jekundu lililoiva hadi likawa jeupe katikati,
kubwa kuliko paka wangu,
kubwa kuliko jina langu.

Athman yuko Doha, mwaka wa tatu huu.
Chumbani mwake mna baiskeli na gunia la mchele.
Kila Magharibi nausikia udi ukipita,
na siku zote nimedhani
unapita.

"Hiyo futa," asema Nabhan, "imeharibika."
Naivuta kamera pajani. Bado ina joto.
Nahesabu fundo kwa unene wake:
sekunde saba. Labda nane.

Kutoka jikoni:
"Ruki! Mbuzi yangu mumeipeleka wapi?
Nazi zanikaukia!"

Naja, mama.
Nafungua leso, jino kwa jino,
polepole,
nisije nikajikata.